Je, Wajua? Boti Hushonwa kwa Waya, Uani Kwako

Sogea hapa kwenye benchi, msomaji, uniazime sikio. Je, wajua kwamba boti hushonwa kama kanzu? Unakata plaiwudi kwa kufuata mchoro, unatoboa vitundu ukingoni kwa keekee, unapitisha waya wa shaba, unakaza kwa koleo, na ubao uliokuwa umelala chali sakafuni unainuka ukawa chombo mbele ya macho yako. Mataruma hayatangulii. Msumari hauhitajiki hata mmoja.

Na kushona chombo ni kazi ya kale kuliko msumari wa chuma! Mwaka 1954, kando ya piramidi kubwa ya Giza, kulifukuliwa jahazi la Farao Khufu: urefu wake mita 43 na ushei, umri miaka 4,500 hivi, mbao zake za mwerezi zikifungwa kwa kamba. Sasa shika hili. Lilizikwa likiwa limefunguliwa vipande 1,224, vimepangwa shimoni kama mzigo unaomsubiri fundi, na kazi ya kuviunga upya ilichukua zaidi ya miaka 10.

Nasi watu wa pwani tumo. Kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja soko la Rhapta kwenye mwambao wetu huu. Jina hilo latokana na neno la Kiyunani la kushona, kwa sababu ya mashua za kushonwa zilizokuwa zikionekana hapo. Fikiria, mji mzima umepewa jina la mshono!

Na mtepe je? Chombo cha Lamu na visiwa vyake, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za kumbi la nazi, tanga lake mkeka. Kilisafiri Bahari ya Hindi mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo Waingereza walioshona plaiwudi miaka ya 1960, ambao tutawafikia mbele, walikuwa wakigonga mlango ambao babu zetu walishaufungua zamani.

Tuingie kwenye plaiwudi yenyewe. Umemwona muuza machungwa anavyomenya, ganda likishuka zima kama utepe? Plaiwudi huanza vivyo hivyo: gogo hubanwa kwenye mashine, likazungushwa, kisu kirefu kikalimenya. Piga hesabu nami. Gogo la kipenyo cha sentimita 50, likimenywa kwa unene wa milimita 1.5 hadi ubaki moyo wa sentimita 10, hutoa utepe wa mita 125. Uwanja wa mpira haufiki hapo!

Hebu chukua kipande chochote cha plaiwudi, uhesabu matabaka yake pembeni. Matatu, matano, saba. Karibu kila mara ni witiri, kwa sababu uso wa juu na wa chini lazima uelekee upande mmoja ili ubao usijikunje. Na kila tabaka hukatiza nyuzi za jirani yake, ndiyo maana ubao mwembamba namna ile haupasuki ukiupiga msumari karibu na ukingo.

Wazo hilo nalo ni la jana? Hata kidogo. Saqqara, Misri, ndani ya piramidi ya ngazi, lilikutwa jeneza la mbao za matabaka 6, kila tabaka likikatiza lenzake. Lina miaka zaidi ya 4,500.

Lakini plaiwudi za mwanzoni zilikuwa na ugonjwa mmoja: zikilowa, zinafumuka. Dawa ilipatikana mwaka 1934, pale James Nevin, mkemia wa kiwanda cha plaiwudi mjini Aberdeen katika jimbo la Washington, Marekani, alipopata gundi isiyoyeyuka kwa maji. Kabla ya hapo, kutengeneza boti kwa plaiwudi kulikuwa kama kujenga nyumba ya biskuti.

Unataka kujua kama plaiwudi ya dukani inafaa majini? Ipike! Kata kipande kidogo, kitie kwenye sufuria, kichemshe saa nzima, kianike, kichemshe tena. Kikifumuka, hicho ni cha dari. Kikitoka kizima, peleka fundi.

Je, wajua kwamba plaiwudi inayopendwa na waundaji boti wengi duniani ni mwana wa Afrika? Ni mti wa okoume, ambao kwa asili huota Gabon na nchi za jirani tu. Ubao wake wa futi nane kwa nne, unene wa milimita 6, una uzito wa kilo 8 hivi. Unajitwika kichwani na mkono mmoja unabaki huru! Na tangu 2010 Gabon imepiga marufuku kusafirisha magogo yake mazima nje ya nchi, kwa hiyo lile chungwa sasa linamenywa nyumbani.

Haya, fumbo la benchi. Ubao huo mmoja, nane kwa nne, ukiukunja kingo zake zote nne ukawa sinia lenye kuta za sentimita 20, utabeba nini juu ya maji? Watu watatu wa kilo 100 kila mmoja, na maji bado hayajafika ukingoni! Sinia hilo lina ujazo wa lita 334, na kila lita ya maji linayoisukuma hubeba kilo moja. Kwa ubao wa kilo 8!

Lakini jaribu kuukunja ubao huohuo uzunguke mpira. Hautakubali. Chukua karatasi ujionee: inapindika upande mmoja vizuri sana, inakubali kuwa bomba, inakubali kuwa koni ya karanga, ila ukitaka ipinde pande mbili kwa mpigo inakunjamana. Plaiwudi ina tabia hiyo hiyo, na sanaa nzima ya kuchora boti za namna hii ni kulitafuta umbo ambalo karatasi ingelikubali.

Sasa nikupe ile hadithi ninayoipenda kuliko zote. Mwalimu mmoja wa Uingereza, Ken Littledyke, alikuwa akiunda mitumbwi myepesi kwa kushona plaiwudi kwa uzi wa mshipi wa kuvulia na kuibana kwa resini. Barry Bucknell, mtangazaji wa televisheni aliyewafundisha Waingereza kutengeneza vitu nyumbani, akaichukua mbinu hiyo, akashirikiana na mchoraji wa mashua Jack Holt. Gazeti la Daily Mirror likaingia na fedha zake, na mwaka 1963 ikazaliwa boti iitwayo Mirror. Bei? Pauni 63 na shilingi 11, na ulichonunua ni kifurushi cha mbao zilizokwisha kukatwa!

Mirror ina urefu wa mita 3.3 na uzito wa kilo 45.5 tu, gunia la saruji linaishinda. Matanga yake ni mekundu, rangi ya gazeti. Na zimeundwa zaidi ya 70,000! Wengi walioziunda hawakuwahi kushika randa kabla ya hapo. Walikuwa makarani, walimu, madereva, wakishona boti gereji na sebuleni jioni baada ya kazi.

Unaona pua ya Mirror imekatwa butu kama sanduku? Kuna dada yake wa Marekani mwenye pua hiyo hiyo, na sababu yake ni tamu. Mwaka 1947, mjini Clearwater, Florida, Clark Mills aliombwa achore boti ya watoto, ya gharama ndogo, itokane na plaiwudi za kawaida. Plaiwudi ina futi 8. Pua ya kuchongoka ingehitaji zaidi. Mills akaikata pua hapo hapo ubao ulipokwisha! Boti hiyo ndiyo Optimist, na leo zimesajiliwa zaidi ya 150,000 duniani. Mabaharia wengi wa Olimpiki walianzia ndani ya sanduku hilo la futi 8 kasoro.

Wadhani plaiwudi ni ya michezo ya watoto? Tarehe 6 Juni 1944, askari wa nchi washirika waliposhuka fukwe za Normandy, maelfu yao walibebwa na boti za plaiwudi za Andrew Higgins wa New Orleans. Kila moja ilichukua askari 36, mlango wa mbele wa chuma, ubavu wa mbao. Ziliundwa zaidi ya 20,000. Jenerali Eisenhower baadaye alisema Higgins ndiye aliyewashindia vita.

Turudi uani, kazi bado ipo. Ubao una futi 8, boti unayoitaka ina futi 14: utaungaje? Unazichonga kingo mbili ziwe mteremko mrefu, mara 8 ya unene. Ubao wa milimita 6 unataka mteremko wa milimita 48. Na hapa kuna uzuri wa kukutoa machozi. Unaporanda, matabaka ya plaiwudi yanajitokeza kama mistari ya kanga, ya kahawia na ya maji ya kunde. Mistari ikinyooka, mteremko wako umenyooka. Ikipinda, umeranda vibaya, na ubao wenyewe umekuonyesha mahali pa kurudi. Huhitaji rula!

Bana kiungo hicho kwa jiriwa, lakini polepole. Je, wajua kwamba ukikaza sana kiungo kinadhoofika? Gundi ya epoksi inataka nafasi kidogo ya kukaa. Ukiibana kwa nguvu zote inakimbilia nje, na mbao zinabaki zimegusana bila chochote katikati.

Na epoksi hiyo haikauki. Ndiyo, umesoma sawa! Rangi hukauka kwa kupoteza maji au spiriti, epoksi huganda kwa sababu vimiminika viwili vimeoana vikawa kitu kimoja. Ndiyo maana aina nyingine zake huganda hata chini ya maji. Ndiyo maana pia kipimo hakitaki ubabaishaji: kama kopo limesema sehemu 2 kwa 1, ukizidisha kigumishaji kwa haraka yako, hutapata ndoa ya haraka. Utapata utomvu unaonata miezi.

Kazini epoksi hupikwa kama jikoni. Ya kupaka iwe uji mwepesi. Ya kuunga, unaitia unga wa mbao uliotoka kwenye msasa mpaka iwe mtindi. Ya kujaza pembe za ndani, unaongeza mpaka iwe siagi ya karanga, isimame kijikoni bila kudondoka. Kisha unaipitisha pembeni mwa mshono kwa mgongo wa kijiko, mkupuo mmoja, na pembe inakuwa laini kama sikio la mtoto. Ikishaganda, waya zinang'olewa, na mshono wa gundi ndio unaobaki kushika boti maisha yake yote.

Epoksi ina joto lake, tena joto la kweli. Kopo moja likichanganywa na kuachwa limejaa hujipasha lenyewe. Nimeliona kwa macho yangu: kwanza likawa vuguvugu mkononi, mara likaanza kufuka moshi, kopo la plastiki likalegea kama mshumaa, nasi tukalikimbiza mchangani. Mchanganyiko huo huo ukiumwaga kwenye sinia pana unatulia, na unapata muda wa kutosha wa kupaka. Umbo la chombo linabadili kila kitu!

Je, wajua kwamba ubao unapumua? Asubuhi jua likipanda, hewa iliyo ndani ya vinyweleo vyake hutanuka ikatoka, na kila pumzi inaacha kipovu kwenye resini uliyopaka. Jioni joto likishuka, ubao unavuta ndani, na resini inavutwa nayo. Basi mafundi wajanja hupaka alasiri kuelekea magharibi.

Brashi imechafuka na epoksi bado mbichi? Siki ya jikoni inaitoa. Unaogopa boti isigande na meza? Tandika karatasi ya polithini, maana epoksi hushika mbao, kioo, chuma na nguo yako, lakini polithini haiishiki kabisa. Glavu usivue, tafadhali. Mwili ukishaikataa epoksi mara moja, unaweza kuikataa daima, na hata tone dogo likakuwasha.

Sasa tufike kwenye faiba, na hapa naomba uache kila ulichoshika. Kitambaa cha faiba ni kioo. Kioo kilekile, jamaa wa kioo cha dirisha lako, kimeyeyushwa na kuvutwa kikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele, kisha kikafumwa kama bafta. Ukikitandika juu ya boti kinameremeta cheupe, kinafunika mbao zote, unasikitika kwamba ule uzuri wa okoume umepotea. Halafu unamwaga epoksi na kuisambaza kwa mpira wa kukwangulia. Cheupe kinatoweka! Mbele ya kiganja chako kitambaa kinayeyuka machoni, mishipa ya mti inarudi, tena ikiwa na rangi ya asali kuliko mwanzo. Kitambaa bado kipo, ila mwanga unapita kwenye kioo na kwenye resini karibu kwa namna moja, kwa hiyo jicho halioni mpaka kati yao. Palipobaki weupe ndipo resini haijafika. Boti yenyewe inakuonyesha kwa kidole!

Na uzi huo wa kioo una nguvu gani? Ukivuta uzi wa kioo na uzi wa chuma cha kawaida zenye unene uleule, wa chuma utakatika kwanza, tena mapema sana. Kioo cha dirisha huvunjika kwa urahisi kwa sababu ya nyufa ndogo usoni mwake. Ukikivuta kiwe uzi mwembamba, nyufa kubwa zinakosa mahali pa kukaa.

Njia ya kuutengeneza uzi huo kwa wingi ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1932, kule Ohio, Marekani, kijana Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunga matofali ya kioo, ndipo mkondo wa hewa ukakipuliza kioo kilichoyeyuka kikatawanyika kuwa nyuzi. Kumbe ile takataka ndiyo iliyokuwa mali!

Swali la haraka: kipi kinaozesha boti ya mbao upesi zaidi, bahari au mvua? Mvua! Kuvu wa kuozesha hawaipendi chumvi, ila maji baridi yaliyotuama ndani ya boti iliyoegeshwa ni karamu yao. Fundi anayejali huipindua boti, au huitia turubai na kuiachia upepo upite.

Bahari nayo ina adui wake. Yule anayetoboa mbao za vyombo mpaka zikawa kama sega la asali, anayefanana na mnyoo, si mnyoo hata kidogo. Ni jamaa wa chaza na kome! Magamba yake madogo kichwani ndiyo keekee yake. Mafundi wetu wa pwani humzuia kwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, na hurudia kila baada ya miezi michache. Faiba humzuia kwa namna nyepesi mno: meno yake hayafiki kwenye mbao.

Je, wajua kwamba boti ya mbao imewahi kuundwa kwa gundi tupu? Ndugu wa ukoo wa Gougeon, wa Bay City, Michigan, waliounda vyombo vya kuteleza juu ya barafu, walishusha majini mwaka 1970 chombo cha viunzi vitatu kilichoitwa Adagio, urefu wa futi 35, kila kiungo epoksi, kila uso umezibwa kwa epoksi. Kiliendelea kusafiri kwa miongo. Na mbinu hiyohiyo ya mbao na epoksi waliitumia baadaye kuunda maelfu ya mapanga ya mitambo ya upepo!

Naye James Wharram wa Uingereza? Huyo alivuka Atlantiki mwaka 1955 hadi 1956 kwa chombo cha viunzi viwili alichokiunda mwenyewe, futi 23 na nusu, pamoja na wanawake wawili wa Kijerumani, Ruth Merseburger na Jutta. Watu waliona ni kujitoa mhanga. Baadaye aliuza zaidi ya michoro 10,000 ya vyombo vya plaiwudi kwa watu wa kuunda nyumbani, na viunzi vyake hufungwa pamoja kwa kamba, ili mawimbi yakija chombo kinyumbuke. Mwana wa ngalawa ataelewa mara moja.

Kabla hujashika msumeno, pima mlango wa banda. Nasema kwa moyo wote. Pima upana, pima kimo, kisha pima kona ya kutokea, maana boti huzaliwa kubwa kuliko vipande vyake.

Bado moja, kaa kidogo. Unaikumbuka ile Mirror, ya mita 3.3, ya kilo 45.5? Mwaka 1997 mwalimu mmoja, A. J. Mackinnon, aliishusha moja kuukuu majini karibu na shule aliyofundisha, Shropshire, Uingereza. Aliiita Jack de Crow. Hakudhani atafika mbali. Akafika London, akavuka mlango wa bahari kuelekea Ufaransa, akaingia mifereji, akaupata Mto Rhine, akaupata Danube, akipiga makasia upepo ulipokataa. Mwaka uliofuata, akiwa na karibu kilomita 4,900 nyuma yake, alifunga kamba huko Sulina, Romania, ambako Danube inaingia Bahari Nyeusi. Tanga lilikuwa jekundu bado.